Tambi Baridi za Unguja: Chakula cha Mchana Wakati wa Kaskazi

Kati ya Desemba na Machi, upepo wa kaskazi unapovuma, kisiwa cha Unguja huwa na joto lisilompa mtu nafasi ya kupumzika. Saa sita mchana vichochoro vya Mji Mkongwe vina kivuli, lakini jikoni hakuna kivuli. Mama anasimama mbele ya jiko la mkaa, jasho linamtiririka, naye anajua kwamba muda si mrefu watoto watarudi kutoka shule na baba atarudi kutoka kazini, na wote watauliza swali moja: leo tumepika nini?

Mwezi huu nakualika tutembee pamoja katika kisiwa hiki, tukitafuta chakula kinachofaa kwa siku kama hizo: tambi zilizopikwa na kupozwa, zikachanganywa na mboga mbichi, njugu, ndimu na tangawizi. Kule China, Japani na Vietnam akina mama hupika tambi za namna hii wakati wa joto. Chakula hiki ni kitamu na hakina kazi nyingi. Lakini kikiandaliwa ovyo kinaweza kulaza nyumba nzima, na kwa kuwa mimi ni muuguzi, sitaweza kukupa mapishi bila kukwambia habari hiyo.

BAHARI ILIYOLETA VYUNGU NA VIUNGO

Boti ya mwendo kasi kutoka Dar es Salaam huchukua muda wa saa mbili hivi. Ukiteremka bandarini Malindi unaingia katika mji ambao mwaka 2000 uliwekwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Watu huja kutazama milango ya nakshi na majumba ya mawe. Mimi napenda zaidi kutazama vilivyomo vyunguni.

Mtu akisema kwamba chakula cha Asia ni kigeni Unguja, mpeleke Unguja Ukuu, upande wa kusini wa kisiwa. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamepata huko vigae vya vyombo vya Kichina vya zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Huko Kajengwa, karibu na Makunduchi, ilipatikana akiba ya sarafu za Kichina, nyingi zikiwa za enzi ya Song. Hata mkarafuu, mti unaotajwa kila mahali Zanzibar inapotajwa, asili yake ni visiwa vya Maluku, katika nchi ambayo leo ni Indonesia. Uliletwa hapa mwanzoni mwa karne ya 19.

Na sisi wauguzi tunao ukumbusho mwingine. Tangu mwaka 1964 madaktari kutoka jimbo la Jiangsu nchini China wamekuwa wakija Zanzibar kwa zamu, na wengi wao wamefanya kazi Hospitali ya Mnazi Mmoja. Basi mama wa Unguja akiweka mezani bakuli la tambi za Kichina, anaendeleza ujirani wa siku nyingi.

SOKONI DARAJANI

Soko la Darajani lilijengwa mwaka 1904, pembeni tu ya Mji Mkongwe. Hapo utapata karibu kila kitu tunachohitaji: karoti, matango, kabichi, pilipili boga, embe mbichi, ndimu, tangawizi, thomu, kotmiri na nanaa. Tangawizi na viungo vingi hutoka mashamba ya ndani ya kisiwa, kama yale ya Kizimbani na Kindichi, ambako wageni hupelekwa kuonja na kunusa.

Nilipokuwa nachagua ndimu, mama muuzaji aliniuliza, "Leo wapika nini, dada?"

"Tambi, mama."

"Tambi na ndimu? Tambi si za sukari na iliki, bibie?"

Swali lake lilikuwa la haki. Hapa tambi hukaangwa, zikatiwa sukari, iliki, zabibu na pengine tui la nazi, nazo ni chakula cha futari na cha sikukuu. Nikamjibu kwa swali jingine, "Mama, urojo unaupenda?"

Akacheka. "Urojo nani asiyeupenda?"

Hapo ndipo penye siri. Mtu aliyezoea urojo, pamoja na ukali wake wa ndimu na embe, pilipili yake, bhajia zake na chipsi za muhogo zinazolia mdomoni, tayari amezoea ladha ya tambi baridi. Ni uchachu uleule, ukali uleule na ukakamavu uleule wa kutafuna. Kilichobadilika ni kwamba mchuzi umekuwa wa njugu, na chakula kimepoa.

MAJI NDIYO YANAYOAMUA

Sasa nisikilize vizuri, mama mwenzangu. Chakula cha moto hujilinda chenyewe kwa kiasi fulani, kwa sababu moto umeua vijidudu muda mfupi kabla hatujala. Chakula baridi hakina mlinzi huyo. Mlinzi wake ni wewe.

Vitabu vingi vya mapishi husema: chemsha tambi, chuja, kisha zisuuze kwa maji baridi ya bomba. Maagizo hayo yanafaa mahali ambapo maji ya bomba hunywewa bila kuchemshwa. Kwetu, ukisuuza tambi zilizoiva kwa maji ambayo usingempa mtoto kunywa, umechukua chakula kisafi ukakirudishia uchafu. Ni hivyohivyo kwa barafu: barafu ya maji machafu ni maji machafu yaliyoganda tu.

Zanzibar inaujua uzito wa jambo hili. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua maelfu ya watu hapa, na daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi mjini wakati huo, aliandika kitabu juu yake kilichotolewa mwaka 1876. Tangu mwaka 1978 ugonjwa huo umerudi visiwani mara kwa mara.

Kwa hiyo fanya hivi: jioni ya siku iliyotangulia, chemsha maji lita 4, yafunike vizuri, yaache yapoe usiku kucha. Hayo ndiyo maji ya kusuuzia tambi. Kama maji hayakutosha, usisuuze kabisa. Chuja tambi, zitandaze kwenye sinia safi, nyunyizia kijiko kimoja cha mafuta, uzipepee huku ukizigeuza kwa uma. Zitapoa upesi na hazitashikana.

Jambo la pili ni muda. Chakula kilichopikwa kisikae mezani zaidi ya saa mbili katika joto letu. Kuna kijidudu kinachopenda wali na tambi ambacho mbegu zake haziuawi na kuchemsha kwa kawaida. Chakula kikikaa joto-joto huamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukipasha chakula tena. Wala tusitegemee friji tu. Watu wa Unguja hawajasahau jinsi umeme wa kutoka bara ulivyokatika tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Friji isiyo na umeme ni kabati. Pika kiasi cha kuliwa na kumalizika mlo huohuo.

MAHITAJI (WATU 6)

Tambi nyembamba za ngano gramu 500 (spageti nyembamba pia zinafaa, au tambi za mchele).
Njugu zilizokaangwa na kumenywa, kikombe 1.
Ndimu 3.
Sosi ya soya, vijiko 2 vya chakula.
Sukari au asali, kijiko 1 cha chakula.
Tangawizi kipande cha ukubwa wa kidole gumba, na punje 3 za thomu.
Pilipili kwa kadiri ya nyumba yako.
Karoti 2, matango 2, pilipili boga 1, embe mbichi 1, na robo ya kabichi ndogo.
Kotmiri na nanaa, fungu moja moja.
Kamba robo kilo, au mayai 4, au kuku aliyechemshwa na kuchambuliwa.

NAMNA YA KUTENGENEZA

1. Chambua njugu kabla ya kuzitumia. Zilizoota ukungu, zilizosinyaa au zilizo chungu zitupe, maana sumu ya ukungu haiishi kwa kukaanga. Weka kando kiganja kimoja, zilizobaki zitwange mpaka zilainike.

2. Twanga tangawizi, thomu na pilipili. Changanya na njugu, maji ya ndimu, sosi ya soya na sukari. Ongeza maji ya moto yaliyochemka kidogo kidogo mpaka mchuzi uwe mzito kama uji mwepesi. Onja. Uchachu utangulie, utamu ufuate nyuma.

3. Osha mboga zote kwa maji safi yanayotiririka, kisha zisuuze kwa maji yaliyochemshwa. Menya karoti, matango na embe. Ondoa majani ya nje ya kabichi. Kata kila kitu vipande vyembamba virefu kama njiti. Kwa mjamzito au mtoto mdogo, tumbukiza kabichi na karoti katika maji yanayochemka kwa dakika moja.

4. Chemsha kamba mpaka wageuke rangi kabisa, au mayai mpaka kiini kigande.

5. Pika tambi katika maji mengi yanayochemka mpaka ziive, lakini zisiwe bokoboko. Chuja, suuza mara mbili kwa maji uliyoyachemsha jana, chuja tena mpaka zikauke.

6. Changanya tambi na mchuzi kwa uma mbili, si kwa mikono. Weka mboga na kamba juu, nyunyiza kotmiri, nanaa na zile njugu zilizobaki baada ya kuzipondaponda. Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe njugu nzima, zinaweza kumkaba.

Usiongeze chumvi. Kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya kina chumvi gramu 2 au zaidi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku nzima. Kama baba ana shinikizo la damu, tumia kijiko kimoja tu, uongeze ndimu.

BAKULI LA JIRANI

Unguja mtu hapiki peke yake. Harufu inavuka ukuta, na sahani inafuata harufu. Sisi Wakristo ni wachache hapa, na jirani zetu wengi ni Waislamu. Wao hutuletea sahani wakati wa Idi, nasi huwapelekea wakati wa Krismasi. Mapenzi haya yanastahili kutunzwa hata katika mambo madogo ya jikoni. Soma kibandiko cha chupa ya sosi ya soya, kwa maana baadhi huwa na kileo. Usitumie siki ya mvinyo. Ndimu au ukwaju unatosha. Kuku awe amechinjwa kwa namna ambayo jirani anaweza kula bila wasiwasi. Na katika mwezi wa Ramadhani, mchana, chakula chetu tukile ndani, kwa staha. Kumpenda jirani huanza na kujua asichoweza kula.

KAMA TUMBO LIKIHARIBIKA

Hata nyumba safi hupatwa. Mtoto akianza kuharisha, usingoje kesho na usimnyime kunyonya wala kula. Mpe maji yenye pakiti ya chumvichumvi ya kuzuia upungufu wa maji. Kama huna pakiti, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote viwe vya kusawazisha. Akiwa mlegevu, macho yameingia ndani, anatapika kila kitu, anatoa damu, au kinyesi kinatoka kama maji ya mchele, mpeleke hospitali mara moja, huku ukiendelea kumnywesha njiani.

Sikuandika haya ili uogope tambi. Nimeandika ili uzile kwa raha. Chemsha maji yako leo jioni, yafunike, ulale. Kesho saa sita, wakati jua liko utosini, utakuwa umeketi pamoja na watoto wako kuzunguka sinia moja, jiko limekwisha zimwa zamani.