Hewa Iliyokwisha Kuandikwa

Wapo watu wanaolipa fedha ili gari lao lipige kelele. Sizungumzii honi wala redio. Nazungumzia ule mlio wa "pshhh" unaosikika Nairobi usiku, dereva wa Subaru anapoinua mguu kutoka kwenye pedeli ya mafuta ili abadilishe gia. Colin McRae aliposhinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Impreza, wengi wa vijana hawa walikuwa hawajazaliwa, lakini mapenzi ya gari hilo wameyarithi kama watu wanavyorithi timu ya mpira. Mimi nimekuwa mhasibu kwa zaidi ya miaka 30, na kila niusikiapo mlio huo huwaza jambo moja tu: kuna mali inayotoka ghalani baada ya kuandikwa kitabuni.

Nieleze. Turbo ni pampu ya hewa inayoendeshwa na moshi wa injini yenyewe. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Moshi ambao ungepotea bure kwenye ekzosi huzungusha gurudumu dogo. Gurudumu hilo huzungusha jingine lililo upande wa pili wa mhimili, nalo hushindilia hewa ndani ya injini. Hewa ikiongezeka, mafuta nayo huweza kuongezwa, na injini ndogo ikafanya kazi ya injini kubwa. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss aliijaribu turbo yake kwenye injini ya ndege juu ya mlima Pikes Peak, zaidi ya mita 4,200 kutoka usawa wa bahari, kwa sababu huko hewa ni nyepesi. Sisi tunaoishi Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, twaielewa faida yake. Gari lisilo na turbo huondoka Mombasa likiwa na nguvu zake zote, likafika huku limepungukiwa na pumzi.

Shida huanza pale dereva anapoinua mguu. Mlango wa hewa hufungwa ghafla, lakini turbo bado inazunguka, na hewa iliyoshindiliwa haina pa kwenda. Hurudi nyuma na kuyapiga mapanga ya turbo. Ndiyo sababu pakawekwa vali. Ndani yake mna springi, na juu yake hushikizwa mpira mwembamba utokao kwenye manifoldi, yaani upande wa pili wa ule mlango wa hewa. Mlango ukifungwa, injini hunyonya mahali ambapo hewa imekatizwa. Mvuto huo huishinda springi, vali ikafunguka, na hewa iliyokwama ikapata njia.

Njia ya kwenda wapi? Hapo ndipo lilipo suala lenyewe. Vali iliyokuja na gari kama Forester ya turbo huirudisha hewa hiyo kwenye bomba la kuingilia turbo, kimya kimya. Vali wanayoipenda vijana huitema nje. Katika gari ambalo kompyuta yake hukadiria hewa kwa kupima shinikizo ndani ya manifoldi, kuitema nje huenda kusilete madhara makubwa. Lakini katika gari lenye sensa inayopima hewa pale inapoingia, baada tu ya kichujio, hewa hiyo imekwisha kuandikwa. Kompyuta imeiona ikipita, nayo hutoa mafuta ya kuitosha. Mafuta hufika, hewa haifiki. Matokeo yake ni moshi mweusi, plagi zenye masizi, na injini inayotikisika au hata kuzimika. Kompyuta haikukosea kujumlisha. Imeletewa hati ya mzigo ambao umeshushwa njiani.

Mpwa wangu alifungiwa vali ya namna hiyo katika gereji moja, nyekundu, inayong'aa kama kidani. Ni kijana mwema. Mara 2 kwa wiki humpeleka mama yake, ambaye ni dada yangu, hospitalini kusafishwa damu kwa ajili ya maradhi ya figo. Asubuhi moja wakikaribia mzunguko wa barabara aliinua mguu, na injini ikazimika. Usukani ukawa mzito mikononi, na nyuma yao palikuwa na lori. Lori lilifaulu kusimama. Dada alinisimulia jioni ile, kisha akaniomba nisimgombeze mtoto.

Sikumgombeza. Nilimwambia aje Jumamosi na ile vali ya zamani.

"Mjomba, mlio utaisha," alisema.

"Mlio utaisha, lakini mama yako atafika."

Tulisubiri injini ipoe, kwa kuwa katika gari hilo kipoza hewa, ambacho mafundi hukiita intakula, hukaa juu ya injini yenyewe. Vali hushikwa hapo na bolti 2. Tulipoitoa ile nyekundu, tuliziba tundu kwa kitambaa safi, maana kipande cha gasketi kuukuu kikitumbukia humo, safari yake ni kuelekea kwenye injini. Tulisafisha uso wa chuma, tukaweka gasketi mpya, na kukaza bolti kwa zamu, kidogo kidogo, kwa sababu aluminiamu haivumilii mikono ya hasira. Bomba nene la kurudishia hewa tulilisukuma mpaka mwisho ndipo tukakaza klipu. Ule mpira mwembamba ulikuwa umepasuka ncha; tukauweka mwingine. Ufa mdogo kama huo watosha kuifanya vali isipate amri yake. Mwisho tukabadilisha plagi, ambazo zilikuwa nyeusi kama mkaa.

Barabarani nilimwambia aongeze mwendo na kuinua mguu, mara 10. Injini haikuzimika, wala hatukusikia kitu. Mpwa wangu alisema gari limekuwa bubu.

Methali husema debe tupu haliachi kuvuma. Nimeona kwamba hata debe lililojaa huvuma, likiwa linamwagwa. Katika ofisi niliyofanyia kazi ujanani alikuwako tarishi aliyerudisha chenji ya nauli kila jioni, akaiweka mezani pangu pamoja na tiketi zake, kisha akaenda zake. Hakuna aliyempigia makofi, na nadhani wengi hawakujua kwamba yupo. Lakini kila mwisho wa mwezi kitabu chake kilifunga bila kupungua hata senti.