Sanduku la Babu

Baada ya arobaini ya babu nilikwenda Ngorongo kufungua sanduku lake la bati. Sitadanganya: nilikuwa nawinda toleo la kwanza la Rosa Mistika, la 1971. Ndiyo riwaya ya kwanza ya Kezilahabi, na wakusanyaji hupenda sana kitabu cha kwanza cha mwandishi. Ilipigwa marufuku mashuleni. Babu, mwalimu, alikuwa ameificha chini kabisa.

Nikaipata. Jalada limeliwa na mchwa. Ukurasa wa mwisho babu kaandika kwa penseli majina ya wanawe. Manne nayajua. La tano je?

"Huyo alitutoka mchanga, mjukuu wangu," bibi akasema. "Kaburi lake lilikwenda na mto."

Akaomba nimsomee tena lile jina. Nikamsomea. Bei ya kitabu sijaiulizia mpaka leo.