Sauti Zilizotoka Ngamiani

Akina mama, tukifika Tanga tupite Ngamiani, kwenye barabara zinazoitwa kwa namba. Katika miaka ya 1960 na 1970 mji huu ulikuwa na vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star. Sifa za taarabu zilikuwa za Zanzibar, penye fidla, ganuni na wapigaji wengi. Watanga walipanda jukwaani wachache, na magitaa yao. Nani angewatarajia? Lakini mtindo wao uliigwa Mombasa, ukafika hadi Burundi. Shakila binti Saidi, mzaliwa wa Pangani aliyeimba na Black Star, alipendwa hadi alipofariki mwaka 2016.

Nathanaeli naye aliitilia shaka Nazareti. Basi mtoto akisimama kuimba kanisani, tumsikilize kwanza.