Simu Ingali Inalia

Amri iliyotiwa sahihi Washington tarehe 20 Januari 2025, ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90, haikukawia kufika Koboko. Katika shirika moja la misaada wafanyakazi walikusanywa, wakapewa barua, wakarudisha funguo.

Miongoni mwao alikuwamo mke wa askari polisi aliyehamishiwa Karamoja. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za wakimbizi wa Kikongo walioko Lobule: huyu jina lake limekosekana katika orodha ya posho, yule mtoto wake ana homa. Aliwajibu kwa Kiswahili, Kikakwa na Kilingala. Mshahara wake ndio uliolipa karo. Ule wa mume (kila mke wa askari analijua hili) hufika ukiwa umekwisha kugawanywa.

Majuma mawili hakumwambia. Kila asubuhi alivaa nguo za kazi, akaenda sokoni kuulizia bei ya muhogo na ufuta. Asichekwe, ni vigumu kumpelekea mtu aliye lindoni habari asiyoweza kuitengeneza. Mume alizipata kwa mwenziwe, akapiga simu. Hakugomba. Aliuliza tu, “Mama watoto, umekula?”

Siku hizi anauza unga wa muhogo, na faida ni haba. Mwezi wa Mei mwaka ule wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda walikatiwa chakula cha msaada. Tarehe 1 Julai USAID yenyewe ikafungwa. Baadhi ya watu wa Lobule wanayo namba yake. Hupiga kuulizia posho. Hana ofisi wala orodha. Hupangusa unga mikononi, akapokea.