Nyumba ya Simbilisi

Ndugu msomaji, kabla hujacheka, ngoja nimalize. Najua wewe ni kijana wa mjini na umefungua ukurasa huu ukitegemea mapenzi, daladala na maisha ya Kariakoo. Mimi leo nakuletea simbilisi. Ndiyo, simbilisi, yule mnyama mdogo asiye na mkia, wa kufanana na panya aliyeshiba, ambaye akisikia tu nyasi zinachakarika anapiga mluzi kama kondakta. Habari hii nimeikimbia miaka mingi, maana ndani yake kuna kosa nililomtendea mdogo wangu, na kosa lenyewe halina utetezi.

Kwetu ni Runazi, wilaya ya Biharamulo, mkoani Kagera. Mwaka 1997, mwezi wa Juni, mama alifariki nikiwa bweni. Niliporudi nyumbani Novemba, nimemaliza mtihani wa kidato cha nne, nilimkuta mdogo wangu wa miaka minane amekuwa bubu wa kujitakia. Ukimuuliza kama amekula, anatikisa kichwa. Ukimtania, anakutazama tu. Alikuwa akikaa kizingitini tangu atoke shule mpaka giza linaingia.

Siku moja bibi akachukua kikapu, akaenda kwa rafiki yake kijiji cha pili. Jioni akarudi na simbilisi wawili, dume jeupe na jike la kahawia.

"Mpe mtoto kitu cha kulisha," aliniambia pembeni, "atapata pa kuutua moyo."

Dume likaitwa Sukari, jike likaitwa Kahawa. Majina aliyatoa mwenyewe, kwa sauti ndogo, na bibi akageuka upande akajifanya anapuliza moto.

Sasa, kwetu watu wengi huwaachia simbilisi sakafuni jikoni, wakajificha nyuma ya kuni na kuokota maganda. Lakini mwaka ule ulikuwa mwaka wa mvua za El Niño. Jiko la bibi lilivuja kama chekeche, na paka la jirani lilishazoea kuingia bila hodi. Bibi akanigeukia: "Wewe msomi, wajengee wageni nyumba."

Nikamjibu, "Kesho, bibi."

Nikwambie kweli, niliona aibu. Mimi, kidato cha nne mzima, nikaonekane napigilia misumari banda la panya? Nikawatia ndani ya katoni la sabuni, nikaliweka kwenye kona ya stoo, nikafunika kwa gunia na juu yake nikaweka jiwe. Kesho ikawa keshokutwa. Nilikuwa na kazi zangu muhimu bwana: redio, na barua ndefu kwa binti mmoja wa Bukoba ambaye hata hakunijibu. Kila jioni mdogo wangu alileta matembele, akaniuliza kwa macho, nami nikamwambia kesho.

Usiku wa sita wakaja siafu.

Kama hujawahi kuingiliwa na siafu, shukuru. Mvua ikizidi wanahama, na wakihama hawazunguki nyumba, wanapita ndani. Tuliamka tunaruka, tunajikung'uta, tukakimbilia nje na mablanketi. Bibi alikuwa akimwaga majivu ya moto mlangoni. Hapo ndipo mdogo wangu alipopiga kelele, sauti ambayo sikuisikia tangu msiba: "Sukari! Kahawa!" Akataka kurudi ndani. Nikamkamata. Nikamwambia tusubiri wapite, hawatachukua muda.

Siafu hawana haraka. Walipita mpaka alfajiri, wakatuachia nyumba safi, haina mende wala panya. Panya walikuwa na njia za kukimbilia. Wale wawili walikuwa na katoni, gunia na jiwe. Sitaeleza kilichobaki. Mdogo wangu alikiona kabla yangu, akanitazama, akasema maneno matatu tu:

"Kaka, ulisema kesho."

Kisha akarudi kwenye kizingiti chake.

Bibi hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alisema rafiki yake anao wengine, lakini hatawafuata mpaka aone nyumba. Siku ile ile nikaanza kujenga.

Nilianzia miguuni, kwa kuwa adui alitokea chini. Banda nililisimamisha juu ya nguzo nne zinazofika kiunoni, na kila nguzo nikaisimamisha ndani ya kopo. Makopo hayakuwa shida. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walipofurika Benaco, kule Ngara, walipewa mafuta ya kula katika makopo ya bati, na hata walipokwisha kurudishwa kwao Desemba 1996, makopo yao yalibaki yakizunguka vijijini. Ndani nikatia oili chafu niliyoomba gereji. Nilihakikisha pia hakuna jani la mgomba wala ukuta unaogusa banda, maana kwa siafu jani moja ni daraja.

Ukafuata wavu. Nilianza na wavu wa kuku, nikaona nimemaliza. Bibi akapitisha vidole viwili kwenye tundu, akavichezesha upande wa pili. "Panya anapita hapa. Na mtoto wa nyoka." Nikaung'oa wote, nikaweka wavu wa matundu madogo kama ule wa kuanikia kahawa. Sakafu niliikataza wavu kabisa, mguu wa simbilisi ni mwembamba, ukinasa unavunjika. Niliweka mabanzi yaliyobanana, juu yake nyasi kavu za kubadilishwa kila zikilowa.

Paa niliweka turubai la plastiki, juu yake nyasi nene. Bati lingekuwa na heshima zaidi, lakini bati la jua la saa nane ni tanuri, na joto humwua simbilisi upesi kuliko baridi. Ndani nikatia nusu ya chungu cha bibi kilichopasuka, nikakifudikiza. Simbilisi hana meno ya kupigana wala mbio za kutosha. Silaha yake ni kujificha, na ukimnyima pa kujificha atakaa anatetemeka, hata kula hali.

Siku ya nne nikafunga mlango kwa komeo la waya. Nikasikia mtu nyuma yangu.

"Hili paka atalifungua."

Alikuwa mdogo wangu. Akaweka kidole chini ya waya, akausukuma juu, mlango ukafunguka. Kweli. Tukaweka makomeo mawili, moja juu na moja chini, na la chini alilipinda mwenyewe kwa jiwe.

Miaka mingi baadaye, nikiwa Dar es Salaam, nilisoma habari za mnyama aitwaye chinchila. Ni ndugu wa mbali wa simbilisi, asili ya wote wawili ni Andes, Amerika ya Kusini. Manyoya yake laini nusura yammalize. Aliwindwa mpaka mwaka 1910 Chile, Argentina, Bolivia na Peru zikawekeana mkataba wa kumlinda. Mwaka 1923 Mmarekani mmoja, Mathias Chapman, akawapeleka kumi na mmoja California, na leo wanafugwa ndani ya nyumba za watu Ulaya na Marekani. Huyo haogi maji, anaoga vumbi laini! Nilicheka peke yangu. Lakini nilipofika kwenye maelezo ya kumwandalia makazi, kicheko kikaisha. Joto lisimzidi. Apate pa kujificha. Sakafu isimvunje mguu. Mlango ufungwe sawasawa. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kumwona chinchila hata kwenye picha, alikuwa ameyasema yote.

Simbilisi wapya walipokuja, mdogo wangu aliwahudumia lakini alikataa kuwapa majina. Nilimfundisha nilichojua: nyasi zenye umande zinyauke kwanza, majani ya nyanya na ya viazi mviringo ni sumu, na kila siku majani mabichi, kwa sababu simbilisi, kama sisi binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini, akiikosa anapata kiseyeye. Alisikiliza. Majina, hapana.

Mimba ya simbilisi huchukua zaidi ya miezi miwili. Alfajiri moja ya Februari 1998 nilivutwa blanketi.

"Kaka, njoo. Wameshafumbua macho."

Watoto watatu, wana manyoya kamili, macho wazi, mmoja ameshaanza kutafuna unyasi. Ndivyo wanavyozaliwa, tayari kwa safari. Mdogo wangu aliwatazama muda mrefu, kisha akawapa majina mmoja mmoja. Wa kwanza Mvua. Wa pili Chungu. Wa tatu, aliyekuwa mdogo kuliko wote, akamwita Kesho.

Nikamwuliza kwa nini.

"Ili ukimwita," alisema, "awe yupo."

Hakutabasamu, wala mimi. Lakini siku ile hakukaa kizingitini.

Bibi ametangulia. Mdogo wangu sasa ni baba wa watoto wawili, na katika simu zetu hatujawahi kuutaja usiku ule. Juzi aliniambia mwanawe anataka kufuga sungura, na yeye amemwahidi kumjengea banda.

"Lini?" nikamwuliza.

Akanyamaza kidogo, kisha nikasikia nyundo.