Picha Nilizozionyesha Kabla Sijaziona

Opereta wa sinema haoni picha. Watu hushangaa nikiwaambia hivyo, kwa sababu ujana wangu wote niliumalizia kwenye chumba cha mashine hapa Dar es Salaam. Lakini ndivyo kazi yenyewe ilivyokuwa. Mkanda wa milimita 35 ulikuja umezungushwa kwenye magurudumu, kila gurudumu futi 2,000 hivi, yaani dakika kama 20. Mashine zilikuwa mbili: moja ikionyesha, nyingine unaipakia. Mwanga wake ulitoka kwenye vijiti viwili vya kaboni vilivyowashwa vikiwa karibu karibu. Kwa kuwa vinaungua, vinapungua, na usipovisogeza picha inafifia, na huko chini miluzi inaanza. Hapo hapo unachungulia kwenye kitundu cha ukutani ukingoja alama ndogo ya duara, pembe ya juu kulia. Ikitokea ya kwanza, unawasha mota ya mashine ya pili. Ikitokea nyingine, sekunde chache baadaye, unabadilisha. Ukiipatia, hakuna mtu ukumbini anayekumbuka kwamba wewe upo.

Kwa hiyo picha nilizijua kwa vipande. Nilijua ni wapi watu watashangilia na wapi akina mama watalia, maana vilio vyao vilinifikia kule juu. Maneno ya kunong'ona sikuyasikia, kwa kelele za mashine. Na kila dakika 20, wakati hadithi inakolea, mimi nilikuwa nimeinama napitisha mkanda mwingine kwenye meno ya mashine.

Niliipenda kazi hiyo na bado naiheshimu. Miaka ya 1970 sinema ndiyo ilikuwa starehe ya mji. Kulikuwa na Empire, Avalon, Empress, Odeon, Cameo, na kila moja na wateja wake. Unguja walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka hiyo. Sisi wa Bara tulisubiri mpaka 1994. Sikukuu ya Idd foleni ilizunguka jengo na walanguzi wa tiketi walijipatia riziki yao. Ukinitajia picha ya Kihindi ya Jumapili, familia nzima imevaa, watoto wamepakwa poda, nakwambia hakuna kilichoziba nafasi ile mpaka leo.

Halafu zikaja deki. Bajeti ya 1984 iliwaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, na muda si mrefu mizigo ya Dubai ikaanza kushuka ikiwa na televisheni na deki za VHS. Mabaharia nao walileta zao. Kila mtaa ukapata banda la video: kuta za magunia, mabenchi, spika imetolewa nje ili wapita njia wasikie ngumi zikilia. Wakati huo sisi mjini tulikuwa tunaonyesha mikanda iliyochakaa, yenye mikwaruzo kama mvua, kwa sababu Tanzania Film Company, shirika la umma lililokuwa likiingiza filamu, halikuwa na fedha za kigeni za kuleta mpya. Hata vijiti vya kaboni vilikuwa vya kutafuta. Viti vikaanza kubaki vitupu siku za kazi, kisha hata Jumapili.

Mimi deki sikuitaka, na sababu zangu zilikuwa za kifundi. Mkanda wa sinema ukiuinua kwenye mwanga unaona kila kitu: huyu mtu, huyu farasi, hapa pamechanika, ngoja niunge. Mkanda wa video ni utepe wa kahawia tu. Unaweza kuutazama mpaka kesho usione hata sura moja. Nilikuwa siamini kitu ambacho siwezi kukikagua kwa macho. Tena ile picha yenyewe! Filamu iliyopigwa kwa skrini pana ilikatwa pande zote mbili ili itoshe kwenye televisheni. Watu wawili wanazungumza, unamwona mmoja na pua ya mwenzake. Sababu hizo sizifuti hata leo.

Aliyeleta deki nyumbani kwangu ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyekuwa akisafiri na meli. Aliiacha kwetu aliporudi baharini. "Shemeji, nitunzie tu," alisema, "usipotaka kuiangalia, isitiri na vumbi." Nikaifunika kitambaa. Mke wangu ndiye aliyeanza kukodi mikanda, kwenye duka la mtaa wa pili, anaichukua jioni anairudisha kesho yake. Alikaa na mama yake na majirani wakitazama, mimi niko kazini. Nikirudi usiku nawakuta bado wanabishana kuhusu picha ambayo nilikuwa nimeionyesha mimi, miezi mizima, na sikuweza kuchangia neno.

Ikaja siku deki ikala mkanda. Mkanda si wetu, ni wa duka, na kesho unatakiwa. Nikafungua kifuniko, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa mimi na deki kuzoeana. Ndani nilikuta pipa dogo la chuma linalong'aa, limelala upande kidogo, na ubavuni mwake hedi mbili ndogo kuliko punje ya mchele. Pipa hilo huzunguka mara 25 kwa sekunde, na kila hedi inapopita huchora mstari wa mshazari kwenye mkanda. Sinema yangu ilikwenda picha 24 kwa sekunde. Nilikaa pale na bisibisi mkononi nikifurahi kweli kweli, maana kumbe hivi viwili ni ndugu, tofauti ni picha moja tu. Na tofauti hiyo nilikuja kuisikia: filamu ikiwekwa kwenye video za mfumo wetu wa PAL huharakishwa ifikie 25, kwa hiyo sauti hupanda kidogo na picha huisha dakika kadhaa kabla. Wengine nyumbani hawakuligundua hilo. Mimi nililisikia kwenye nyimbo.

Nikajifunza kusafisha hedi kwa spiriti na kipande cha ngozi laini: unakikandamiza kidogo, unazungusha pipa kwa kidole, unakwenda ubavuni tu. Ukisugua juu na chini unavunja hedi, na hedi mpya ilikuwa bei ya kuumiza. Nikajifunza ukungu wa Dar unavyoingia kwenye kaseti, ule mweupe unaotambaa pembeni mwa utepe, na namna ya kuufuta kabla haujahamia kwenye deki ya mtu. Majirani wakaanza kuniletea deki zao. Sinema ilipopunguza wafanyakazi, mwenye duka la kukodi mikanda alinichukua, asubuhi fundi, jioni nakaa kaunta na daftari. Kazi ile ilinilisha miaka mingi.

Lakini ninalotaka hasa kulisema ni kuhusu Sholay. Picha hiyo ya Ramesh Sippy ya 1975 niliionyesha mpaka nikayajua magurudumu yake kwa mikwaruzo. Jioni moja nikaikodi. Ni zaidi ya saa tatu, haiingii kwenye kaseti ya dakika 180, kwa hiyo ilikuja mikanda miwili. Nikakaa sebuleni na mke wangu na mama mkwe, taa imezimwa, sina la kupakia wala la kusogeza.

Kuna mahali Jai, yaani Amitabh Bachchan, amekaa nje usiku anapiga hamonika. Ng'ambo, kwenye baraza ya juu, yule mjane Radha anazima taa moja baada ya nyingine. Hawasemezani. Yeye anapiga, huyu anazima, na kila taa inayozimika unaelewa zaidi kwamba mapenzi yale hayana pa kwenda. Sikuwahi kuyaona hayo. Nilikuwa pale kila siku, na kila siku wakati huo macho yangu yalikuwa kwenye mashine. Nikauliza, "Hii ilikuwamo?" Mama mkwe akanijibu, "Mwanangu, hii ndiyo picha yenyewe." Nikachukua rimoti nikarudisha nyuma. Opereta hana uwezo huo; gurudumu likishaanza, limeanza. Tukaitazama tena, na tena.

Miaka kadhaa baadaye ikaingia dukani nakala ya Sholay ambayo mwisho wake si ule nilioujua. Kwenye sinema, Thakur asiye na mikono anamkanyaga jambazi Gabbar Singh karibu kumuua, polisi wanafika wanamzuia. Kwenye nakala hii hakuna wa kumzuia. Anamuua, kisha analia. Kumbe Sippy aliipiga hivyo tangu mwanzo, wakaguzi wa filamu wa India, katika kipindi cha hali ya hatari cha 1975, hawakutaka polisi mstaafu ajichukulie sheria mkononi, ikabidi apige mwisho mwingine. Wateja waligawanyika pale kaunta. Mimi nausimamia ule wa awali, kwa ajili ya kilio cha Thakur. Kwenye ule mwingine sheria imeshinda, lakini huyu mzee aliyeuawa karibu familia yake yote hujui kimebaki nini ndani yake.

Si za Kihindi tu. Neria, picha ya Zimbabwe ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilikodishwa dukani kwetu mpaka utepe ukachoka. Mume anafariki kwa ajali, ndugu yake anakomba mali na kumwachia mjane machozi. Wanawake waliikodi wakawaita wifi na mashemeji waje waitazame pamoja. Nyumba nyingine waliisimamisha katikati wakaanza kikao. Na zikaja zile zilizotafsiriwa na Lufufu, sauti yake nzito ikitusimulia Kichina na Kihindi kwa Kiswahili cha mtaani. Wapo waliomlaumu kwa kufunika maneno ya wenyewe. Mimi namshukuru, kwa sababu nilimwona mama mkwe, ambaye maisha yake yote alisoma picha kwa nyuso tu, sasa akijua nani kamwambia nani nini. Ila palipotakiwa kimya angenyamaza.

Mwaka 2025 Sholay iliyokarabatiwa upya, pamoja na mwisho ule wa awali, ilionyeshwa kwenye tamasha la Il Cinema Ritrovato mjini Bologna, Italia. Mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha habari hiyo kwenye simu, akaniambia babu, siku moja tutaipata hapa hapa, tutazame. Nimemwambia simu naikubali, nitatazama. Lakini ikiletwa Dar kwenye skrini kubwa, anikatie tiketi ya kiti cha katikati, niitazame yote toka mwanzo, na kule kwenye chumba cha mashine awe mtu mwingine.