Rodi laisensi ya baharini

Leo nataka kusimulia mazungumzo ya barazani ambayo sijawahi kuyaandika popote, ingawa yamenisumbua kuliko habari nyingi nilizolipwa kuziandika.

Ilikuwa Alkhamisi, tarehe 8 Juni 2017, katikati ya Ramadhani. Siku ile Waziri wa Fedha wa Muungano, Dk. Philip Mpango, alisoma bajeti Dodoma na kupendekeza kuifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari, hii ambayo sote tunaiita rodi laisensi. Badala yake ushuru wa petroli, dizeli na mafuta ya taa ukapandishwa shilingi 40 kwa lita. Kwenye petroli ulitoka shilingi 339 ukawa 379. Rafiki zangu wa Dar wakanijazia simu meseji za furaha.

Mimi nikaona wivu, sifichi. Leseni za vyombo vya moto si jambo la Muungano, kwa hiyo kilichofutwa Bara siku ile hakikufutwa Pemba. Na nilikuwa bado nina uchungu wangu. Pikipiki yangu ilikuwa imelala uani miezi saba, injini imekwama, kuku wanataga juu ya siti (wallahi sitanii), kisha nilipokwenda kulipa nikatakiwa mwaka mzima pamoja na nyongeza ya kuchelewa. Nikamwambia yule bwana wa dirishani kwamba chombo hakijagusa barabara. Akanijibu kwa upole kabisa: "Lakini barabara ilikuwepo." Mpaka leo sijapata la kumjibu!

Basi usiku ule baada ya tarawehe tukakaa baraza yetu ya Wete, kahawa inapita. Walikuwepo vijana wawili wa bodaboda, mwalimu mmoja wa skuli anayekwenda Micheweni kila siku kwa pikipiki yake, mimi, na ami yangu wa Kojani aliyekuja mjini kutengeneza mashine ya boti. Nikaitupa hoja: je, na huku kwetu wafanye vile vile?

Kijana wa kwanza hakungoja nimalize. "Walete hata kesho! Laki moja kwa siku moja sina, shilingi arobaini ninayo kila siku." Maelezo yake yalikuwa hivi. Ada ya mwaka inakuja na tarehe yake, haijui kama umeuguliwa au mwezi huu abiria hakuna. Ya kwenye mafuta unailipa pale unapofanya kazi, ukilala nayo inalala. Na kubwa zaidi kwake lilikuwa hili: pasipo na stika hakuna wa kukusimamisha njiani kuulizia stika. Nadhani hilo lilimkaa moyoni kuliko pesa zenyewe.

Mwenzake akacheka. Yeye pikipiki si yake, anaendesha kwa hesabu, kila jioni anampelekea tajiri fungu lake. "Sasa nambie, kaka mwandishi, rodi laisensi nani analipa? Tajiri. Petroli nani anatia? Mimi. Hesabu itapunguzwa? Haipunguzwi. Basi hapo hamjafuta kodi, mmeivua kwa tajiri mkanivisha mimi."

Wadau, nakiri hili sikulifikiria hata kidogo. Nikatoa simu nikapiga hesabu palepale. Lita tatu kwa siku, siku 26 kwa mwezi, miezi 12, inakuja lita 936. Zidisha kwa 40, ni shilingi 37,440 kwa mwaka. Mwalimu wetu, anayetumia lita tano kwa wiki, inamtoka 10,400 tu. Na mwenye gari kubwa linalotoka kwa harusi na maziko karibu haimgusi. Kwa hiyo mwenye kukimbia juani kutwa nzima analipa zaidi ya mara tatu ya mwalimu, kisha chombo si chake. Wapo watakaosema ndiyo haki, anaitumia barabara zaidi. Sawa. Lakini tajiri anayeshika hesabu ya barabara hiyo hiyo naye yuko wapi?

Mwalimu alikuwa na hofu nyengine. Alisema stika unaiona, unajua umelipa ngapi, na ikipandishwa kila mtu analalamika siku moja kwa sauti moja. Ya kwenye pampu huioni, na kinachoingia kwenye pampu hakitoki, kinangoja wenzake. Tulimwona mwenye mashaka mengi. Mwaka 2021 Bara wakaongeza shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za TARURA, na mwaka 2023 wakaongeza 100 nyengine kwa miradi mikubwa. Ukijumlisha na zile 40 za 2017 unapata shilingi 240 katika miaka sita. Kenya walijaribu njia ya kinyume: mswada wa fedha wa 2024 ulitaka kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, wananchi wakaja juu, ikaondolewa kabla ya mswada wenyewe kurudishwa. Kodi ile ilionekana, na ndiyo maana ilipigiwa kelele. (Mwalimu, ukisoma hapa, samahani kwa kicheko cha siku ile.)

Sasa ami. Muda wote alikuwa kimya, kikombe mkononi. Akauliza kwa sauti ndogo tu: "Na mimi hiyo arobaini nalipia njia gani?"

Tukadhani anatania. Hakuwa akitania. Kojani ni kisiwa, barabara inaishia ufukweni upande wa huku na wewe unapanda mashua. Kule hakuna gari. Lakini mashine ya boti inakunywa petroli ile ile, kutoka pampu ile ile, na pampu haiulizi unakwenda Konde au unakwenda dago. Kwa stika, mvuvi halipi kwa sababu hana chombo cha barabarani. Ukiifuta ukaitia kwenye mafuta, umemwingiza naye. Nikapiga hesabu tena: lita 20 kwa safari, safari 20 kwa mwezi, ni shilingi 192,000 kwa mwaka. Mara tano ya bodaboda! Kwa mtu ambaye barabara yake ni maji.

Na asije mtu akasema hayo ni ya kisiwani tu. Bara nako mafuta ya taa yalitiwa kwenye ile 40, hoja ikiwa ni kuzuia watu wasiyachanganye na dizeli. Kwa hiyo bibi mwenye kibatari kijijini naye alichangia lami.

Kijana wa kwanza alijaribu kujitetea, akasema mvuvi naye akishuka pwani anapanda bodaboda, samaki wanapanda gari, barabara inamfaa. Ami akakubali. "Ndiyo, na nauli nalipa. Na ndani ya nauli yako mna petroli yako. Sasa mara ngapi?"

Hapo kahawa ilikwisha na watu wakakumbuka daku.

Mimi nilikuwa nimekaa pale nikitaka stika ifutwe kwa sababu ya kuku na siti yangu. Nilipoamka asubuhi hasira yangu kwa yule bwana wa dirishani ilikuwa ile ile, ila makala niliyokuwa nimeipangia kichwa cha habari "Pemba nasi tufutiwe" sikuiandika. Mhariri aliniuliza, nikamwambia bado naitafutia watu wa kuhoji, na kweli nilikuwa sijamhoji mvuvi hata mmoja zaidi ya ami yangu.

Asubuhi hiyo hiyo nikampeleka kituo cha mafuta, mashine imeshapona. Alikuwa na madumu mawili, nikayafunga nyuma ya pikipiki kwa mpira. Mimi nikatia lita mbili. Yeye akatia arobaini.